Jinsi library yangu ilivyomfanya jirani yetu wa Maretadu amiliki ng'ombe 212

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili jambo nimekaa nalo miezi kadhaa nikiona aibu kulileta hapa, kwa sababu baadhi yenu mnanikumbuka. Mimi ndiye niliyewahi kushusha uzi mrefu humu nikiwafokea watu wanaocopy na kupaste code. Niliwaita wavivu. Mmoja nilimwambia arudi kijijini akalime.

Basi leo nawaeleza yaliyonikuta, bila kujipendelea. Kila mtakapoona nimeonekana mjinga, jueni hapo ndipo nimesema kweli zaidi.

Mimi ni developer, nipo Katesh. Ofisi yangu ni chumba nyuma ya duka la pembejeo la mama mmoja mfanyabiashara tunayemwita Hajati. Anauza mbegu, dawa za mifugo na mabomba ya kupulizia. Nyumbani kwetu hasa ni Maretadu, upande wa Mbulu, na mama yangu yupo huko mpaka leo na mahindi yake, maharage yake na ng'ombe wake.

Watu wa Katesh wananiita injinia. Sijawahi kuwakatalia.

Laptop ninayofanyia kazi ilitokana na ndama. Mama ana ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, anaitwa Nyota, na ndama wake wa kwanza ndiye aliyegeuka laptop nilipokwenda chuo. Sasa laptop yenyewe imezeeka. Betri haikai, na kitufe cha herufi N hakiitiki mpaka ukigonge kwa hasira. Mama akaniahidi kwamba Nyota ana mimba, ndama atakayezaliwa safari hii ni laptop mpya.

Muweke huyo ndama kichwani, tutamrudia.

Nilikuwa na mifumo mitatu ninayoihudumia. Wa kwanza ni wa duka la Hajati. Wa pili ni wa kikundi cha wakulima wa viazi kule Gitting. Wa tatu ndio mkubwa, mfumo wa umoja wa wafugaji wenye wanachama Hanang na Mbulu. Huo unatunza majina ya wafugaji, idadi ya ng'ombe wao na namba za simu, na siku za chanjo zikifika unawatumia SMS.

Yote mitatu niliijenga kwa framework moja ya Python, na yote mitatu ilikuwa na vipande vilevile vya code. Kupanga namba za simu, kutuma SMS, kuandika tarehe. Nikirekebisha kosa Gitting, nasahau kurekebisha kwa Hajati.

Nikaona hii ni aibu kwa mtu anayeitwa injinia. Nikaamua kutengeneza library moja ya pamoja, mifumo yote ichote humo.

Kwa wasio wa IT, niwaeleze kwa lugha ya kwetu. Kila jumuiya kanisani ina sufuria lake kubwa. Ukiwa na harusi unaazima, ukiwa na msiba unaazima, hakuna haja ya kila nyumba kununua la kwake. Library ni sufuria la jumuiya. Raha yake ni hiyo, na balaa lake pia ni hilo, maana likitoboka kila sherehe inalala njaa.

Nikaiita Jembe. Nikaiandikia README ya Kiingereza, yaani maelezo ya kuitumia, kurasa nne, ikiwa na sehemu ya "Contributing" inayoeleza taratibu za kufuata kwa watu watakaotaka kuchangia code. Wachangiaji mpaka leo ni mmoja, na ndiye anayeandika uzi huu.

Sasa tuje kwenye function iliyoniponza, yaani kipande kimoja cha code chenye kazi yake. Niliipa jina mtu_mmoja.

Chanzo chake ni duka la Hajati. Wale vijana wake wa kaunta walikuwa wanamsajili mteja yuleyule mara tatu au nne. Leo wanamwandika Petro, kesho Petro S., keshokutwa "Petro wa Mogitu". Namba ya simu ni ileile. Hajati akanijia ofisini akasema, "Injinia, nina wateja wengi kuliko watu wa Katesh. Nisaidie."

Nikaandika mtu_mmoja. Kazi yake ni rahisi: ikikuta rekodi mbili zenye namba moja ya simu, inajua huyo ni mtu mmoja, inazijumlisha kwenye ile rekodi iliyotangulia, na zile nyingine inazifuta.

Wakuu, ilifanya kazi vizuri mno. Hajati alifurahi mpaka akaniletea sahani ya pilau siku ambayo si ya sikukuu. Nilikula nikijiona nimeikomboa Hanang nzima.

Na mtu akishasifiwa kwa function moja, anataka kuitumia kila mahali.

Nikaihamishia mtu_mmoja ndani ya Jembe. Sikuishia hapo, nikaifanya ijiendeshe yenyewe. Mfumo wowote ukishawekewa toleo jipya la Jembe, rekodi zote zinapitishwa humo bila mtu kuombwa ruhusa. Niliona kuuliza ruhusa ni kumsumbua mteja.

Test za kuipima niliandika, msije mkasema sikuandika. Zilikuwa tatu. Zote zilipita, kwa sababu data zote nilizitoa dukani kwa Hajati, mjini, ambako kila mtu ana simu yake na wengine wanazo mbili.

Ijumaa mchana nikaupdate mifumo yote mitatu kwa mkupuo. Ndiyo, Ijumaa, siku ambayo fundi mwenye akili hagusi mfumo. Najua mtakachosema.

Mfumo wa wafugaji ukaniletea ripoti kwamba umeondoa rekodi nyingi sana za kujirudia. Badala ya kushtuka nikafurahi. Nikamwandikia Dokta Gwandu, mzee anayesimamia chanjo za umoja ule: "Shikamoo Dokta. Nimekusafishia database, ilikuwa imejaa takataka."

Akajibu marahaba, asante, Mungu akubariki.

Takataka. Neno hilo nililiandika mimi kwa vidole vyangu.

Wiki kama mbili hivi zikapita. Dokta akanipigia. Alikuwa anaandaa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, na kawaida yake anachapisha orodha, anahesabu ng'ombe wa kila eneo, ndipo anaagiza dawa inayotosha. Dawa yenyewe ikishachanganywa haisubiri, kwa hiyo hapendi kubeba ya ziada.

"Ima," akaniambia, "hapa Maretadu kuna mtu anaitwa Basilisa Tluway. Ameandikwa ana ng'ombe 212. Unamfahamu?"

Nikasema simfahamu.

"Mimi kule milimani sijawahi kuona mtu mwenye ng'ombe hata ishirini. Hili si kosa la kuandika?"

Wakuu, laptop ilikuwa imefunguka mbele yangu. Nilikuwa naangalia mpira. Kazi ya kutafuta jina moja kwenye database isingefika dakika moja.

Nikamjibu, "Futa hiyo, Dokta. Itakuwa mtu aliteleza kidole."

Akamfuta. Na kwa kuwa waliobaki kwenye orodha ya Maretadu walikuwa wafugaji tisa tu, aliona hakuna haja ya kupandisha gari na makasha ya barafu kule juu kwa watu tisa. Akawatumia ujumbe wapeleke ng'ombe wao Dongobesh. Gari likaenda Mogitu, likaenda Gitting, likaishia Dongobesh, kazi ikaisha, watu wakashukuru.

Mimi nikaendelea na mpira.

Sasa, kila Jumapili baada ya ibada huwa nampigia mama. Huo ni utaratibu wangu wa miaka minne na ninajivunia, sijawahi kuukosa. Jumapili ile baada ya salamu na habari za mvua, mama akaniuliza, "Ima, wale watu wa chanjo unaofanya nao kazi, sisi tumewakosea nini?"

Nikauliza kivipi.

"Mwaka huu hatujaitwa. Watu wachache tu ndio wamepeleka Dongobesh. Na kule bondeni ng'ombe wa watu wameanza kukohoa. Wawili wameshakufa. Mimi Nyota ana mimba, namfungia ndani, namkatia majani, lakini nitamfungia mpaka lini?"

Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Mama yangu si mtu wa kulalamika, kwa hiyo hapo ningepaswa kuogopa.

Lakini injinia haogopi. Nikamwambia kwa upole wa kitaalamu, "Mama, mara nyingi tatizo ni wanakijiji wenyewe, wanaandikisha namba za uongo. Nitaangalia."

Akasema sawa, mwanangu, utuangalizie.

Jumatatu asubuhi nikafungua mfumo. Nikatafuta jina la mama. Hayupo. Nikatafuta kwa kitongoji chetu. Nikamkuta mtu mmoja tu, Basilisa Tluway, ng'ombe 212, jina lake limepigwa mstari.

Nikaangalia historia ya ile rekodi. Jembe lilikuwa limeunganisha watu 38 ndani ya Basilisa. Historia inataja idadi tu, majina hayamo, ila wote wana namba moja ya simu.

Wakuu, hata hapo sikuelewa. Nilikasirika. Nikasema huyu Basilisa ni tapeli, ameandikisha kijiji kizima kwa namba yake ili apate jambo fulani. Nikachukua simu, nikaanza kuiandika ile namba tarakimu moja moja, nimpigie nimpe maneno yake.

Nilipomaliza tarakimu ya mwisho, juu ya kioo pakatokea jina nililolihifadhi mwenyewe.

Mama.

Nikaiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini.

Niwaeleze. Kule kwetu nyumba nyingi ziko mteremkoni na mtandao haushiki. Nyumba inayoshika mtandao iko juu kabisa ya kilima, ni ya jirani yetu Mama Paulina. Ana simu, ana sola, na watu wote wa mteremko wetu wakiulizwa namba wanataja ya kwake. Si uongo wala utapeli. Ukitaka kumpata mtu wa pale, unampigia Mama Paulina, anatuma mtu au anapanda kwenye jiwe lake anaita, na aliyepigiwa anapanda.

Kwa miaka minne, kila Jumapili, nilikuwa nampigia mama yangu kwa simu ya Mama Paulina. Mama mwenyewe hana simu. Ile niliyomnunulia ilikufa, nikaahidi nyingine, nikawa naahidi.

Na huyo Basilisa Tluway ndiye Mama Paulina. Nimekua naye nyumba ya pili, amenilisha makande tangu sijaota meno, na sikuwahi kujua jina lake la ubatizo. Kwetu mtu mzima anaitwa kwa jina la mtoto wake, basi yameisha.

Yaani niliandika function inayosema watu wenye simu moja ni mtu mmoja, huku mimi mwenyewe mama yangu namsalimia kwa simu ya jirani.

Nikakimbilia backup, zile nakala za akiba. Backup zangu zilikuwa zinajifuta kila baada ya siku saba, kwa agizo lililokuwa ndani ya Jembe. Niliona nikitunza za zamani ni uchafu.

Nikampigia Dokta Gwandu. Nilianza na shikamoo, nikamaliza na ukweli wote, pamoja na kile kidole nilichosema kimeteleza.

"Ima," akasema, "nimewaacha watu 38 bila chanjo kwa sababu nilikuamini wewe."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Akaniambia gari litapanda tena upande wa Mbulu Alhamisi. Nikimletea orodha sahihi ya wafugaji na ng'ombe kufikia Jumatano mchana, atachukua dawa inayotosha. Nikishindwa, ni mpaka awamu nyingine, na kwa jinsi homa ile inavyokwenda, awamu nyingine ingekuta mazizi matupu.

Jumanne alfajiri nikapanda gari la Dareda, kisha la Dongobesh, kutoka pale nikachukua pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Niliingia Maretadu nikiwa na tope mpaka kwenye mkoba wa laptop, injinia mwenyewe.

Mama alinipokea kwa furaha akidhani nimekuja kumsalimia. Nikamwomba tupande kwa Mama Paulina.

Tulimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakuwa yule ninayemjua. Alikuwa mpole kwa namna ya mtu aliyechoka.

Tukakaa. Akatoa simu akampa mama, mama akanipa mimi nisome. Ulikuwa ujumbe uliotumwa na mfumo wangu siku ile ya Ijumaa: "Ndugu BASILISA TLUWAY, una ng'ombe 212 waliosajiliwa. Utajulishwa siku ya chanjo."

Ile simu inasomwa na kila mtu, si yake peke yake. Habari ilikuwa imeshuka mteremko wote kabla ya jioni. Watu wakasema ameandikisha ng'ombe zao kwa jina lake. Wengine wakaacha kuleta simu kuchaji. Chanjo ilipokuja bila wao kuitwa, ndipo wakaona wamepata ushahidi kamili.

Yeye ana ng'ombe watatu.

"Nimewaitia watu hawa miaka yote," akasema. "Sijawahi kumnyima mtu ujumbe wake. Ni nani aliyeniandikia jambo hili?"

Wakuu, nilitaka kusema ukweli. Mdomo ukasema, "Ni mfumo, Mama Paulina."

Mama yangu akageuka akanitazama. "Mfumo ni nani?"

Nikaanza kukwangua tope kwenye mkoba wa laptop.

"Nakuuliza, Ima. Mfumo ni mtoto wa nani?"

Nikasema, "Ni mimi, mama."

Hakuna aliyenitukana. Mama Paulina aliendelea kuchambua maharage, akatoa mabovu matatu manne, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikawaeleza nilichofanya kwa mfano wa lile sufuria la jumuiya, maana ndio mfano pekee niliokuwa nao. Mama ndiye anayelitunza sufuria la jumuiya yetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi mtu akija kuazima namuuliza kwanza anakwenda kupika nini. Kuna mwaka mtu alitaka kuchemshia dawa ya kuogesha kondoo. Wewe uliwauliza hawa wanapika nini?"

Sikuwauliza. Nilidhani dunia nzima inapika pilau ya Hajati.

Nikawaambia shida iliyobaki: majina 38 yamefutika na kesho mchana Dokta anayataka. Mama Paulina akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililofungwa kwa kamba ya katani.

Daftari lile lina majina ya kila mtu aliyewahi kutumiwa ujumbe kwenye simu yake. Kila SMS ikiingia anaandika ni ya nani na inasema nini, Jumapili anasimama nje ya kigango baada ya ibada anamwita mmoja mmoja. Akishampa habari yake anapiga mstari. Mwaka uliopita SMS za chanjo zilifika 38, na yeye alifikisha 38.

Mimi na shahada yangu nina backup ya siku saba. Yeye ana ya miaka sita.

Tukakaa sebuleni kwake, mimi naandika, wao wawili wananisomea. Tulipofika kwa Maria Margwe, nikaona Maria Margwe mwingine mistari miwili chini. Kidole changu, kwa mazoea, kikataka kumfuta mmoja.

"Hapana," Mama Paulina akasema. "Huyu ni Maria wa mtoni, ana ng'ombe sita. Huyu ni Maria mke wa fundi, ana wanne na mmoja kavunjika pembe."

Ndivyo tulivyokwenda. Huyu ndama wake walikufa, punguza. Huyu alimwozesha binti, ameongezewa. Yule amehamia Haydom lakini ng'ombe wake kawaacha kwa shemeji. Hakuna hata mmoja waliyemchanganya na mwingine, na hawakuhitaji namba ya simu.

Jumatano kabla ya saa sita mchana, nikiwa nimesimama juu ya lile jiwe la Mama Paulina nimenyoosha mkono, orodha ikaenda. Ng'ombe 204. Dokta akajibu neno moja, "Imefika."

Alhamisi gari likapanda.

Mama Paulina ndiye aliyewaita watu. Alipanda kwenye jiwe lake kama siku zote, akawaita hata wale waliomsema. Mimi niliomba nisimame mbele yao nieleze. Nilieleza, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, kwamba kosa ni langu, kwamba Mama Paulina hajachukua ng'ombe wa mtu. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo huko Katesh unalipwa kwa kazi hii?" Watu wakacheka. Nilistahili.

Nyota alichanjwa. Nilimshika pembe mwenyewe, akanikanyaga mguu, nikaona ni haki yake.

Walipofika ng'ombe wa Mama Paulina, Dokta alimpitisha wa kwanza, akampitisha wa pili. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa anakamuliwa, akamsimamisha. Akamsikiliza kifuani muda mrefu. Akamwita Mama Paulina pembeni. Aliyekwisha kuugua hachanjwi, anatengwa.

Ng'ombe yule alikufa siku ya tisa.

Angechanjwa na awamu ya kwanza huenda angepona. Dokta alisema huenda, hakusema hakika, lakini mimi sijaweza kujificha nyuma ya hiyo "huenda". Katika watu 38 niliowafuta, aliyepoteza ng'ombe ni yule aliyekuwa anawafikishia wenzake ujumbe wangu.

Basi turudi kwa yule ndama.

Nyota alizaa salama, ndama jike, mweusi, na baka jeupe la mama yake. Mimi nikapigiwa simu nikafurahi, nikaanza kuangalia laptop mtandaoni. Nilikuwa nimefika kwenye kuchagua ukubwa wa RAM.

Ndama alipoacha kunyonya na Dokta akasema hakuna tena ugonjwa, mama akamfunga kamba akampandisha kilimani kwa Mama Paulina. Hakuniuliza. Alinijulisha Jumapili iliyofuata, baada ya habari za mvua.

"Laptop yako nimeipeleka kwa jirani," akasema. "Itaanza kutoa maziwa baada ya miaka mitatu."

Nikasema sawa, mama.

Ndiyo maana uzi huu nauandika kwa laptop ileile, na kila N mnayoisoma hapa nimeigonga kwa ngumi.

Jembe bado lipo. Mtu_mmoja nimeitoa humo, imerudi dukani kwa Hajati ilikozaliwa. Kilichobaki kwenye library ni vitu ambavyo havina kiburi, kama kupanga tarehe. Hakuna kinachofuta chochote bila kuuliza. README nimeiandika upya kwa Kiswahili, nusu ukurasa, na mstari wa kwanza unasema: kabla ya kuazima, tuambie unakwenda kupika nini.

Nilichojifunza ni kwamba wale niliowatukana humu kwa kucopy na kupaste, angalau wao makosa yao yanakaa nyumba moja. Mimi langu nililipa nauli likatembea wilaya mbili. Na yule niliyemwambia arudi akalime, mkuu, kama upo, nisamehe. Ukilima, lima karibu na mtu kama Mama Paulina.

Mama nimemnunulia simu, kwa kweli safari hii. Ameifunga kwenye kitambaa ameiweka kabatini. Jumapili bado anapanda kilimani. Anasema simu yake inaleta maneno tu, ila kwa Mama Paulina anapata maneno na chai, na ndama anamwona.

Ile namba kwenye simu yangu bado nimeihifadhi kwa jina la Mama. Sijaibadilisha na sitaibadilisha.

Uwanja ni wenu. Mwenye kunicheka acheke, nimeshazoea, kijiji kizima kimetangulia. Ila mwenye function aliyoiamini ikamuumbua kwa watu wanaomfahamu, naomba aandike hapa chini, nisiwe peke yangu.